Kwaya iliyohesabu sita ikaimba tatu

Mwalimu wa kwaya hiyo alinipigia simu Jumatano jioni, zikiwa zimebaki wiki tatu mashindano yafanyike. "Mwalimu, wimbo wetu umepoa," alisema. "Sauti wanazijua, hakuna anayepotea, lakini ukiusikiliza unasinzia. Nikiwaambia waongeze mwendo, unachechemea." Nilimwomba anirekodie yote mawili kwa simu, ule wa kusinzia na ule wa kuchechemea, anitumie.

Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu naamini kwaya zetu nyingi zina ugonjwa huu huu, na dawa inayotolewa kila mara ni "ongezeni mazoezi". Ukizidisha mazoezi ya kitu kilichohesabiwa vibaya, unalikomaza kosa.

Kwaya yenyewe ni ya usharika mmoja hapa Tanga. Waimbaji 28, wengi vijana, pamoja na akina mama kadhaa na wazee watatu wa besi. Wanasoma solfa, yaani sauti zilizoandikwa kwa herufi (d ni do, r ni re, m ni mi), kama kwaya karibu zote ninazozifahamu. Noti za mistari mitano anazisoma mpiga kinanda peke yake. Wimbo umetungwa na Mtanzania, kwa Kiswahili, sauti nne. Juu ya karatasi, upande wa kushoto, imeandikwa "Doh = G" na chini yake 6/8. Ubeti una baa 16, yaani vipande vikubwa 16 vyenye urefu sawa, na beti ziko nne.

Nianze na rekodi ya kwanza, ile ya kusinzia. Wimbo mzima ulichukua dakika 4 na sekunde 16. Nilishika kalamu nikapiga hesabu. Sita juu ya nane maana yake kila baa ina vipande sita vidogo, lakini mapigo ambayo mguu unayasikia ni mawili, kila pigo likibeba vipande vitatu. Wimbo wa sifa wa namna hii kwa kawaida hutembea kama pigo moja kwa sekunde. Baa moja basi ni sekunde 2, ubeti sekunde 32, beti nne ni dakika 2 na sekunde 8. Kwaya ilikuwa inatumia muda maradufu kamili. Waliokuwa wamechoka wasingepata maradufu kamili, wangepungukiwa hapa na kuzidisha pale. Muda ule ulinionyesha kwamba kuna mtu anahesabu kwa makini sana, ila anahesabu kitu kisicho pigo.

Pumzi nayo ilitoa ushahidi. Mstari mmoja wa wimbo una baa nne, yaani sekunde 8, ambazo mwimbaji wa kawaida anaziweza kwa pumzi moja bila shida. Kwa mwendo wao zilikuwa sekunde 16. Sauti ya kwanza walikuwa wanavuta pumzi katikati ya neno, na mwalimu wao aliniambia amekuwa akiwakemea kwa hilo tangu mwanzo wa mwezi. Niliumia kidogo kusikia hivyo. Wale mabinti hawakuwa na kosa. Walikuwa wanabebeshwa mstari mrefu mara mbili ya ule mtunzi aliouandika.

Rekodi ya pili ndiyo iliyonifanya nipande daladala Jumamosi kwenda kuwaona. Humo mwendo uko karibu na sawa, ila wimbo unayumba, na maneno yameharibika. Mstari wa kwanza una maneno "njoni nyote". Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: NJO-ni, NYO-te. Kwenye rekodi nilisikia njo-NI, halafu "nyo" ikavutwa na kupigwa tena katikati kama mtu aliyejikwaa: nyo-O-te. Hakuna Mswahili anayesema njo-NI. Muziki ukikulazimisha utamke lugha yako kama mgeni, kuna mahali hesabu imekatwa vibaya.

(Kipimo hiki kinafaa kwa nyimbo zilizotungwa kwa Kiswahili tangu mwanzo. Katika tenzi zilizotafsiriwa kutoka Kijerumani au Kiingereza, maneno yalipachikwa juu ya sauti zilizokuwepo tayari, na mkazo unaangukia pasipostahili hata kwaya ikihesabu sawasawa.)

Nilipofika ukumbini, baada ya "Bwana asifiwe" na maji ya kunywa, niliomba karatasi. Ilikuwa imechapwa vizuri kwa kompyuta, safi, kila mmoja ana yake. Mstari wa "njoni nyote" ulikuwa hivi. Ile mistari mirefu ya kufunga baa naiandika hapa kwa alama mbili:

‖ s :– :f :m :– :r ‖

Kwa asiyezoea solfa: nukta mbili zinatenganisha kipande na kipande, na kistari kinasema sauti iliyotangulia iendelee kushikwa. Hapo kuna vipande sita, "njo" imeshika viwili, "ni" kimoja, "nyo" viwili, "te" kimoja. Hesabu yake imetimia, lakini kuna kitu hakipo.

Nikauliza kama kuna mtu ana karatasi ya zamani ya wimbo huu. Mzee mmoja wa besi akafungua faili lake la plastiki, akapekua taratibu, akatoa fotokopi iliyokunjwa mara nne, imeandikwa kwa mkono. Pale pale kwenye mstari ule ule:

‖ s :– :f | m :– :r ‖

Tofauti ni kistari kimoja kifupi kilichosimama katikati ya baa. Katika solfa kistari kile kina kazi kubwa: kinasema hapa kuna mkazo wa pili, mwepesi kuliko ule wa mwanzo wa baa. Ndicho kinachoigawa sita iwe tatu na tatu. Mtu aliyechapa upya, nadhani kwenye steshenari, hakukiona kuwa na maana, au hakukipata kwenye kibodi, akaweka nukta mbili kama kwingine kote. Tangu siku hiyo karatasi ikawa haisemi tena sita igawanywe vipi. Unaweza kuikata tatu-tatu, unaweza kuikata mbili-mbili-mbili. Ukiikata mbili-mbili-mbili, mkazo unaangukia kipande cha kwanza, cha tatu na cha tano: "njo", kisha "ni", kisha katikati ya "nyo". Ndiyo njo-NI nyo-O-te niliyoisikia kwenye simu, bila kuongeza wala kupunguza. Wimbo ulikuwa umegeuzwa kuwa tatu juu ya nne, yaani mapigo matatu ya vipande viwili viwili.

Ningeweza kuishia hapo, nirudishe kistari na kuaga. Lakini karatasi iliacha njia mbili wazi tu, haikumsukuma mtu kufuata ile mbaya. Kwa nini waifuate hiyo, tena waimbaji wa pwani ambao tatu-tatu iko damuni?

Nilimwomba mwalimu awahesabie kama anavyowahesabia siku zote. Akapiga meza kwa penseli: "Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita." Kila namba kipande kimoja. Nikamwomba aongeze mwendo. Akajitahidi, ulimi ukagoma. Akaongeza tena, na hapo, bila yeye mwenyewe kutambua, akaacha kufika sita. Akaanza kusema "moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu", na kila "moja-mbili-tatu" ikawa baa nzima.

Hapo nilimsimamisha, kwa sababu kisa chote kilikuwa kimejitokeza mbele yetu.

Tamka namba zetu polepole: mo-ja, mbi-li, ta-tu, n-ne, ta-no, si-ta, sa-ba, na-ne, ti-sa, ku-mi. Kila moja ina silabi mbili. Kuanzia moja mpaka kumi hakuna yenye silabi moja, hakuna yenye tatu, na mkazo uko kwenye silabi ya kwanza daima. Hata nne, ambayo wengi huidhania fupi, inaanza na "n" inayosimama peke yake kama silabi. Kwa hiyo Mswahili anayehesabu mapigo hatoi mapigo matupu. Kila pigo analolitaja amekwisha kulipasua mara mbili kwa mdomo wake.

Rudi sasa kwa mwalimu wetu. Alipotaja namba kwa kila kipande, alikuwa anatamka silabi kumi na mbili ndani ya baa moja. Katika mwendo halisi wa wimbo ule vipande ni 180 kwa dakika, yaani silabi sita kila sekunde, mfululizo, huku mkono unaongoza na macho yanatazama sauti nne. Ulimi hauwezi kwenda hivyo kwa muda mrefu. Ukapunguza mwendo mpaka pale panapotamkika, na kwaya ikamfuata. Rekodi ya kusinzia ndiyo hiyo. Alipolazimisha mwendo, ulimi ukatafuta njia fupi: silabi sita kwa vipande sita. Mo-ja-mbi-li-ta-tu. Na silabi sita zilizotamkwa hivyo kwa Kiswahili zinajipanga mbili-mbili-mbili zenyewe, MO-ja MBI-li TA-tu, kwa hiyo kuhesabu kwake kulikuwa tatu juu ya nne kabla hata ya mtu kufungua mdomo kuimba. Rekodi ya kuchechemea ndiyo hiyo.

Alinitazama muda, kisha akasema, "Na kwenye ule wimbo mwingine wa nne-nne, noti za nusu pigo zinayumba. Nao ni huu huu?" Nikamwuliza ule, wenye mapigo manne kwa baa, anauhesabu vipi. "Moja na, mbili na, tatu na, nne na. Ndivyo kitabu kilivyosema."

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza. Kwa Kiingereza namba za kwanza nne zina silabi moja moja. Ukiongeza neno moja fupi la kuunganisha, unapata silabi mbili kwa pigo, na nusu pigo inakaa mahali pake. Yeye alitafsiri kwa uaminifu wote, akaleta "na". Lakini "moja" tayari ina mbili. "Moja-na" ni tatu. Alikuwa anawafundisha nusu pigo kwa kipimo cha theluthi, na waimbaji wakifuata mdomo wake wanaweka noti ya pili kwenye "na", ikachelewa, wimbo wa nne-nne ukaanza kuruka kama farasi. Ule uliotakiwa kuruka ulikuwa unatembea, na uliotakiwa kutembea unaruka.

Simlaumu. Mimi mwenyewe nilifundisha hivyo hivyo kwa miaka, nikiwasukumia lawama wanafunzi. Na solfa yenyewe ilitufikia nusu. Ilianzia Norwich, Uingereza, kwa Sarah Glover, na John Curwen akaikuza katika karne ya 19, kisha wamisionari wakaisambaza. Curwen hakutegemea namba kupima mwendo. Alikuwa na majina ya mapigo, aliyoyachukua kwa Mfaransa Aimé Paris: "taa-tai" kwa pigo lililogawanywa mbili, "taa-tai-tee" kwa lililogawanywa tatu. Wapigaji wa Kihindi wana "ta-ki-ta" kwa tatu na "ta-ka-di-mi" kwa nne. Watu hawa walijua kwamba neno la kuhesabia lazima liwe na umbo la kile kinachohesabiwa. Sisi makwayani tumebaki na do, re, mi, na majina ya mapigo hayakutufikia.

Ila baada ya kuyafikiria haya kwa muda, sioni sababu ya kuagiza "taa-tai-tee" kutoka nje. Namba zetu ni chombo kizuri mno zikitumiwa kwa umbo lake. Kwa wimbo wa nne-nne tuliondoa "na" kabisa: mo-ja, mbi-li, ta-tu, n-ne. Silabi ya kwanza ndiyo pigo, ya pili ndiyo nusu yake. Haihitaji nyongeza yoyote, lugha imekwisha kukupa. Pigo likigawanywa nne, tulitumia "polepole", silabi nne sawasawa, mkono ukishuka kwenye "po" ya kwanza. Na kwa sita juu ya nane, "na" iliyoharibu kule ikapata kazi yake ya haki: MO-ja-na, MBI-li-na. Silabi sita, mikazo miwili, tatu na tatu. Tisa juu ya nane inakuwa moja-na, mbili-na, tatu-na. Kumi na mbili juu ya nane inafika nne-na. Kanuni niliyoiandika ubaoni ni hii tu: namba ya juu ikiwa 6, 9 au 12, igawe kwa tatu upate mapigo ya mkono, na kila pigo litaje kwa namba na "na".

Kijana mmoja wa tenor aliuliza kwa nini tusitumie neno la silabi tatu tu, kama "kitabu, kitabu". Swali zuri, tukalijaribu. Mkazo unakuja katikati, ki-TA-bu, kwa hiyo kwaya nzima ilianza kuegemea kipande cha pili. Maneno yetu ya silabi tatu karibu yote yana tabia hiyo. "Moja-na" inafaa kwa sababu "na" inajibandika nyuma bila kuuhamisha mkazo.

Wakati wa mapumziko ndipo lilipotokea jambo lililonifurahisha kuliko yote. Mama mmoja wa sauti ya pili, aliyekuwa kimya muda wote, nilimwomba anipigie makofi kama wanavyopiga harusini chakacha ikikolea. Wenzake wakacheka kidogo, maana tuko ukumbi wa kanisa. Akapiga. Makofi yanakwenda tatu-tatu, miguu chini inashika mapigo mawili, kiuno kinajua njia. Wenzake wawili wakamwingilia na makofi ya kupishana, mmoja akigawa vipande vile vile mbili-mbili-mbili juu ya tatu-tatu ya mwenzake, na hakuna aliyeyumba. Nikamwambia, "Mama, hapo umepiga sita juu ya nane." Akajibu, "Hesabu mimi siijui mwalimu, najua mguu uko wapi."

Kwa hiyo uwezo ulikuwepo wote. Wanawake hawa wanaweza kuzishika sita zilizokatwa kwa njia mbili kwa wakati mmoja, jambo linalowatoa jasho wanafunzi wa vyuo. Walipopewa karatasi na namba, waliweka kando miguu yao wakaamini penseli ya mwalimu.

Baada ya hapo kazi ilikuwa fupi. Hatukuimba kwanza. Tulisimama, mguu wa kulia kwenye "mo", wa kushoto kwenye "mbi", mdomo ukisema moja-na mbili-na, mpaka ukumbi ukawa unatembea pamoja. Kisha tukaondoa namba tukaweka maneno juu ya miguu ile ile. "Njo" ikaangukia mguu wa kulia, "nyo" wa kushoto. NJO-ni, NYO-te. Mabinti wa sauti ya kwanza walimaliza mstari mzima kwa pumzi moja na kutazamana. Mwalimu akaacha kuonyesha mara sita kwa mkono. Alishusha na kupandisha tu, mara mbili kwa baa. Mara ya mwisho jioni ile wimbo ulichukua dakika 2 na sekunde 15.

Nimeipeleka hesabu hii mahali pagumu zaidi, nione kama itavunjika. Katika muziki wa Misri na Uturuki, ambako taarab ya Unguja imechota mengi, kuna mdundo wa samai thakili wenye vipande kumi, unaogawanywa tatu, mbili, mbili, tatu. Nilipokuwa najifunza fidla ulinisumbua miezi, kwa kuwa nilikuwa nahesabu mpaka kumi na kupotea kwenye saba. Sasa sema: mo-ja-na, mbi-li, ta-tu, n-ne-na. Silabi kumi, zimekatwa tatu, mbili, mbili, tatu. Dum (pigo zito la ngoma) ya kwanza inakaa kwenye "mo", tak (pigo jepesi) kwenye "mbi", dum mbili zinafuatana kwenye "ta" na "tu", tak ya mwisho kwenye "n" ya nne. Nilimwonyesha yule kijana wa tenor, na baada ya dakika chache alikuwa anaupiga mezani huku anaongea na mwenzake.

Lililobaki bila kutibiwa siku ile lilikuwa la besi. Katika ubeti wa nne wanakaa kimya baa tatu, halafu wanaingia kabla tu ya baa ya nne kuanza, kwenye kipande cha sita cha ile ya tatu. Siku zote walikuwa wanasubiri "moja", kwa hiyo wanachelewa kila mara. Kwa ukimya nimewapa hesabu ya kubadilisha namba ya kwanza kila baa: moja-na mbili-na, mbili-na mbili-na, tatu-na mbili-na, na kwenye "na" hiyo ya mwisho ndipo wanapoingia. Fotokopi ya mzee tuliinakili upya kwa mkono, kwa rula, vistari vifupi vyote kwa kalamu nyekundu. Wiki iliyofuata mwalimu alinitumia video ya mazoezi. Ubeti wa nne ulipofika, nilimwona yule mzee mstari wa nyuma, amefunga macho, midomo inacheza bila sauti: tatu-na, mbili-, na sauti yake ikatoka pale pale kwenye "na".